Muvi ya Watergate: mwangalieni yule mlinzi

Habari zenu ndugu zangu wa Mbeya, Tukuyu, Njombe, Iringa, na popote mnaponitazama. Wazee wangu, shikamooni. Leo niko Washington, Virginia Avenue, na hili jengo lenye roshani za kupindapinda hapa nyuma yangu ndilo Watergate lenyewe, ambamo wezi walikamatwa usiku mmoja mwaka 1972, na kesi yao ikaishia kumwondoa madarakani Rais Richard Nixon. Wengi mmekuwa mkiniuliza ni muvi gani inayouonesha mji huu ulivyo. Mimi nawatajia moja tu, All the President's Men ya mwaka 1976, ya Robert Redford na Dustin Hoffman. Itafuteni. Ila nina ombi: kuna mtu humo ndani ambaye kila anayeisifia muvi hii anampita, na huyo ndiye ninayetaka mumtazame.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video pale Mwanjelwa, Mbeya, tulizoea kwamba muvi ya siasa lazima rais atekwe na magari yalipuke. Humu hakuna hata risasi moja. Watu wanapiga simu, wanabisha hodi, wanafungiwa milango usoni, wanarudi ofisini wanaandika. Na bado moyo unakwenda mbio! Inaanza na weupe mtupu kwenye kioo, kimya, mpaka unadhani imekwama. Halafu herufi ya taipureta inaishukia karatasi, paa! Mafundi wa sauti waliuchanganya mlio ule na wa bunduki. Kuna mahali Redford yuko kwenye simu, kamera haikatwi kwa dakika kama sita, inamsogelea tu taratibu, na yeye anambana mtu aeleze hundi ya dola 25,000 ilifikaje kwenye akaunti ya mmoja wa wezi. Simu tu hiyo, lakini huwezi kunyanyuka kitini.

Sasa twendeni kwa mtu wangu. Anaitwa Frank Wills, kijana mweusi mzaliwa wa Savannah, Georgia, umri miaka 24, mlinzi wa usiku katika jengo hili. Mshahara wake kama dola 80 kwa wiki. Usiku wa kuamkia Juni 17, 1972, akiwa kwenye mzunguko wake wa kawaida, anafika mlango wa gereji ya chini na kukuta selotepu imebandikwa kwenye ulimi wa kitasa. Yaani mlango unafungika, ukiuona unasema uko sawa, lakini haujajifunga. Akadhani ni mafundi wameisahau. Akaibandua, akaendelea na kazi. Baadaye akapita tena palepale. Selotepu imerudi.

Hapo ndipo alipoinua simu akaita polisi. Wakaja askari waliovaa kiraia, wakapanda mpaka ghorofa ya sita, kwenye ofisi za chama cha Democratic, wakawakamata wanaume watano. Wezi hao walikuwa na uhusiano na kampeni ya Nixon, rais wa chama pinzani cha Republican. Hata hivyo, Novemba mwaka uleule Nixon alishinda uchaguzi katika majimbo 49 kati ya 50, utadhani hakuna kilichotokea. Lakini uzi ulishaanza kuvutwa. Agosti 9, 1974, akaondoka madarakani, rais pekee wa Marekani aliyewahi kujiuzulu.

Na yule mlinzi mnayemwona kwenye muvi akiigusa ile selotepu si mwigizaji. Ni Frank Wills mwenyewe, amecheza nafasi yake. Niliposikia hilo niliirudia sehemu ile mara nyingi, namwangalia mikono, namwangalia anavyomulika tochi. Inakwisha upesi mno. Kuanzia hapo muvi ni ya waandishi wawili wa Washington Post, Bob Woodward na Carl Bernstein. Siwanyimi haki yao, kazi waliyofanya ni kubwa, na muvi imetengenezwa kutokana na kitabu chao. Lakini naumia kwamba mtu aliyeanzisha yote kapewa dakika chache, tena na maisha yenyewe yakamfanyia vilevile. Aliacha kazi ile, akahangaika kutafuta nyingine, akarudi kusini kumuuguza mama yake, akafariki Augusta mwaka 2000 akiwa maskini, miaka 52.

Kutoka kituo cha Foggy Bottom, jirani na hapa, ukipanda treni kuvuka mto Potomac, kituo kinachofuata ni Rosslyn. Huko ndiko ilikokuwa gereji ambamo Woodward alikuwa akikutana usiku na mtu wake wa siri aliyempa habari. Mwaka 2005 ikajulikana alikuwa Mark Felt, namba mbili wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, na mwaka 2011 serikali ya Arlington ikaweka kibao cha kumbukumbu pale nje. Mkubwa aliyenong'ona gizani kawekewa kibao. Hilo linanigusa sana kila nikipita.

Mji wenyewe umeoneshwa vizuri mno. Chumba cha habari kilijengwa upya studio kule California, mpaka takataka za kwenye ofisi halisi zikasafirishwa ili meza zifanane, lakini maktaba ya bunge ni yenyewe. Waandishi wamekaa wanapekua vikaratasi vya kuazima vitabu, na kamera inapanda, inapanda, hadi juu ya kuba, wao wanabaki vidoa. Ukiishi hapa unalijua hilo: majengo ya serikali yanakufanya ujione huna lolote. Ndiyo maana namrudia Frank. Hakuwa na kitambulisho cha kumtisha mtu, hakuwa na gazeti nyuma yake. Alikuwa na tochi, simu, na daftari la zamu ambamo aliandika alichokiona.

Nawafikiria walinzi wetu wa Kabwe na Mwanjelwa, Juni hii na baridi yake, koti refu, jiko la mkaa miguuni, rungu pembeni. Mtu anapita asubuhi kufungua duka, hata salamu hatoi. Naomba wenye maduka muitazame muvi hii pamoja na mlinzi wenu, mumtafsirie. Na baba zangu, kaka zangu mnaolinda usiku, niandikieni hapo chini: usiku gani mliwahi kukuta kitu hakijakaa sawa, na mlichukua hatua gani? Majibu yenu nitayasoma kwa sauti kwenye video ijayo, kwa majina mtakayotaka ninyi wenyewe. Ndaga, asanteni.