Ratiba ya Dar, jua la Kigoma

Ahsanteni, kaeni. Mwenyekiti amenipa dakika 20, na kwa kuwa ananijua, saa ya mezani ameigeuzia upande wake.

Nimeombwa niseme juu ya kupanga ratiba ya mtoto kusomea nyumbani likizo hii ya Desemba. Umuhimu wa elimu siutaji. Mngekuwa hamuujui msingekuja kubanana kwenye mabenchi haya siku ya Jumamosi. Na yule baba aliyenidaka mlangoni akitaka kujua kama anaweza kumtoa mtoto shule kabisa amfundishe mwenyewe: mzee wangu, Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aandikishwe na ahudhurie. Mimi nazungumzia likizo na jioni. Tuendelee.

Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Mwaka juzi binti yangu aliniletea mwanawe kutoka Dar es Salaam, darasa la tano, akaja na begi, mpira na karatasi iliyochapwa kwa rangi. Ratiba. Kuamka saa 11:30. Kuoga. Saa 12 kamili asubuhi, Hisabati. Nikasema haya, mimi mwalimu mstaafu, hili si geni kwangu. Asubuhi ya kwanza nikamwamsha. Umeme umekatika. Nikamwashia mshumaa, akafungua daftari, nami nikaenda kuwasha jiko. Narudi, kichwa kiko juu ya jedwali la kuzidisha, mate yameshafika kwenye saba mara nane.

Nikampigia mama yake. Ilikuwa saa 12:10. Namuuliza, huko kwenu kumekucha? Ananiambia, "Mama, jua limeshatoka, mimi niko kituoni nasubiri daladala." Nikatazama nje. Kwangu Mwanga, hapa Kigoma mjini, hata jogoo alikuwa bado anajifikiria. (Kicheko.)

Cheko nimeliona, lakini hapo ndipo penye somo lote. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4. Kati ya Dar na Kigoma kuna digrii kama 9 na nusu. Pigeni hesabu: jua linatufikia sisi dakika 38 hivi baada ya wao. Na saa zetu zote Tanzania zimefuata mstari wa digrii 45 mashariki, mstari ambao hata nchini kwetu haupiti, uko huko baharini. Ndiyo maana ukivuka Manyovu kuingia Burundi, unarudisha saa nyuma kwa saa nzima. Wenzetu wale jua ni hilihili, ila saa yao imekubaliana nalo.

Watu wa Ujiji hamhitaji kuambiwa haya. Mwezi wa Ramadhani, redio ya Dar inaadhini Magharibi, wenzenu wanakata tende, ninyi mmekaa na uji mnaumeza kwa macho nusu saa na zaidi. Mbona hakuna anayefuturu kwa adhana ya Dar? Kwa swala mnajua jua ni la hapa. Kwa Hisabati ya mtoto mnafuata la Kariakoo!

Najua kuna mtu hapo kati anasema moyoni: mwalimu, mbona siku za shule wanaamka gizani na hawafi? Kweli, hawafi. Lakini shuleni kuna kengele, kuna wenzake, kuna mwalimu wa zamu. Nyumbani uko wewe na mshumaa. Tena hukumbuki 2020? Shule zilifungwa Machi kwa korona, watoto wengi wakakaa nyumbani hadi 29 Juni. Nilipita nyumba nyingi mtaani kwangu, kila ukuta una ratiba ya kuanzia saa 12 asubuhi. Wiki ya pili zile karatasi zilikuwa zimefungiwa karanga.

Sasa upande wa pili, ambao watu husahau. Dakika tulizonyimwa asubuhi tunarudishiwa jioni. Desemba, saa 12:45 jioni, Dar wameshawasha taa. Kigoma unasoma herufi ndogo barazani bila kukunja uso. Joto limepungua, upepo wa ziwa unakuja, bili ya umeme haisogei. Kuanzia saa 11:15 mpaka saa 12:45, hiyo ni saa moja na nusu ya bure. Kipindi cha shule ni dakika 40. Weka viwili, katikati apumzike dakika 10, akachote maji, akimbizane na mbuzi. Halafu basi. Wale watoto wa darasa la kwanza na la pili, dakika 30 zinawatosha. Ukiongeza unamfundisha kuchora kwenye meza.

Mwenyekiti, nimekuona. Bado.

Kuna mama mmoja anaanika dagaa Kibirizi. Alinijia na malalamiko, ratiba ya mwanawe haishiki: wiki mbili kijana anasoma vizuri, kisha anapotea. Nikamwambia nionyeshe kazi yenu. Mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa zinamwagwa mchangani na kwenye vichanja, kijana anakaa na fimbo kufukuza kunguru, jua likipanda anageuza. Mpaka saa 5 hana mkono wa kushika kalamu. Lakini mwezi ukipevuka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni. Siku hizo kijana hana kazi asubuhi yote! Hapo ndipo alipokuwa akisoma. Mtoto hakuwa mvivu, ratiba ilihesabu siku saba wakati kazi ya nyumba ile inahesabu mwezi mzima.

Tukamtungia ratiba mbili. Ya giza: jioni tu, kipindi kimoja, na Hisabati anaifanya palepale, visado vingapi vimeingia, kimoja bei gani, mama kauza ngapi, kabaki na ngapi. Ya mbalamwezi: asubuhi saa 3 mpaka saa 5, masomo magumu. Akauliza, atajuaje lini abadilishe? Nikamwambia, mama, wewe ndiye unayejua mwezi kuliko kalenda yangu.

Nikimaliza hapo mtu atasema nahalalisha watoto kufanyishwa kazi. Kufukuza kunguru asubuhi na kubebeshwa ndoo za mawese mpaka Mwandiga si kitu kimoja, na nyote mnajua tofauti.

Haya, mwenyekiti sasa amesimama. Nilikuwa na mambo matano mengine, yaende mbio. Chuo cha Kurani kiwe ndani ya ratiba, kisiwe nje halafu mkagombana. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, vifungue ukiwa na bando, msisubiri usiku wa manane. Simu ikae kwa mkubwa. Mchezo usiuandikie saa, utajitafutia wenyewe. La tano limenitoka.

Maswali. Ndiyo, mama.

Anasema yeye hakusoma, atajuaje kama mtoto anasoma au anamchezea? Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Mkalishe barazani karibu na ungo, wewe chambua mchele, yeye asome kwa sauti. Akinyamaza kwa muda wa kokoto tatu, mwulize ameishia wapi, kisha akusimulie alichosoma. Akikwama akisimulia, arudie ukurasa. Huhitaji kujua a wala be, masikio unayo.

Mwingine? Yule wa nyuma, kitenge cha njano.