Udongo Uliozaliwa Majini: Mhadhara Kuhusu Sepiolaiti ya Sinya

Habari za jioni, ndugu zangu. Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Asanteni kwa kuja.

Kabla sijaendelea, tazameni bilauri hii ya maji. Hili nililoshika ni jiwe. Limetoka Sinya, wilaya ya Longido, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Ni jeupe, saizi ya andazi, na nimelianika juani wiki nzima. Naliweka majini, hivi. Mnaona? Linaelea. Si kila kipande huelea, nimechagua chepesi. Walio karibu watasikia mlio mdogo kama wa soda iliyofunguliwa sasa hivi. Ni hewa inatoka na maji yanaingia mahali pake. Liacheni hapo, tutalirudia.

Kitaalamu linaitwa sepiolaiti. Ni madini ya jamii ya udongo, ndugu wa mbali wa udongo wa kufinyangia vyungu. Wajerumani waliliita Meerschaum, povu la bahari. Jina la sepiolaiti lilitolewa mwaka 1847 na Ernst Friedrich Glocker, kutokana na neno la Kigiriki la ngisi, kwa vile lilimkumbusha mfupa wa ngisi. Mliokulia Pwani mnaujua ule mfupa mweupe ambao mawimbi huutupa ufukweni. Ukiuokota unashangaa, maana jicho limekwambia kitu kizito na mkono unapata kitu kama boya. Hili nalo ni hivyohivyo.

Likitoka ardhini na unyevu wake ni laini kama sabuni ya mche. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10, hili ni 2 hadi 2.5, kwa hiyo kucha inaweza kulikwaruza na kisu cha jikoni kinalichonga bila shida. Likikauka linakaza. Na ukiligusa kwa ncha ya ulimi, linaung'ang'ania. Hicho ndicho kipimo cha kwanza nilichofundishwa porini. Gusa tu, usile.

Sababu ya haya yote iko ndani, pasipoonekana kwa jicho. Udongo mwingi umepangwa tabaka juu ya tabaka, kama karatasi kwenye rimu. Chukueni ule udongo mweusi wa mbuga. Masika maji yanajipenyeza kati ya karatasi, zinaachana, ardhi inavimba. Kiangazi inasinyaa na kufungua nyufa za kumeza mguu. Aliyejenga nyumba juu yake anajua kilichompata.

Sepiolaiti haikujengwa hivyo. Karatasi yake ikienda kidogo inageuka juu chini, ikienda tena inageuka tena, na kila inapogeuka unabaki mfereji. Fikirieni ukuta uliojengwa tofali moja, tundu moja, tofali, tundu, hadi mwisho. Mifereji hiyo ina upana wa karibu nanomita 1, yaani milimita ukiigawa mara milioni, na inapita urefu wote wa kila uzi, maana madini haya yameumbika kama nyuzi nyembamba. Kuta zake zimefungana, kwa hiyo maji yakiingia hayawezi kuzisukuma zikaachana. Udongo huu unakunywa bila kuvimba. Halafu nyuzi zenyewe zimesokotana ovyo kama majani ya kiota, zikaacha nafasi kubwa zaidi katikati yake, ndiyo maana lile pale liliweza kuelea. Gramu 1 tu, ukijumlisha nje na ndani, ina uso wa takriban mita za mraba 300. Hivyo ni karibu viwanja viwili vya mpira wa wavu!

Sasa nifike pale ninapopapenda mimi. Udongo huu umetoka wapi?

Tumezoea kusema udongo ni jiwe lililooza. Kwa kaolini nyingi, ule udongo mweupe, ni kweli: madini ya feldispa yanapigwa na mvua na joto kwa miaka mingi mno mpaka yanalainika. Sepiolaiti ya Sinya haikuoza kutoka kwenye jiwe. Ilizaliwa majini.

Sinya iko kwenye bonde la Amboseli, chini ya Kilimanjaro. Zamani palikuwa na ziwa. Leo Ziwa Amboseli sehemu kubwa ya mwaka ni vumbi jeupe. Mvua inayonyesha mlimani inazama kwenye lava yenye vitundu, inasafiri chini kwa chini na kutokea bondeni kama chemchemi. Njiani inaokota silika, yaani kile kinachounda mchanga mwingi. Bondeni inakuta miamba ya dolomaiti, na dolomaiti ina madini ya magnesi. Jua la nyika likayakausha maji, yakakolea, yakawa makali kama magadi. Kwenye maji ya namna hiyo, yenye magnesi na silika kwa wingi na alumini kidogo sana, vitu viwili hivyo vikashikana na nyuzi zikaanza kuota, nyingine ndani ya nyufa za dolomaiti yenyewe. Alumini ingekuwa nyingi, tungepata udongo mwingine kabisa.

Nimekuja pia na hiki, kiko cha marehemu babu yangu. Tazameni muhuri wa tembo. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilivitengeneza Arusha na kuviuza nje kwa jina hilohilo la Kiswahili, Kiko. Bakuli lilikuwa jeupe. Mifereji ikanywa unyevu na lami ya tumbaku mwaka hadi mwaka, likawa rangi ya asali, kisha kahawia hii. Moto ukiwaka ndani, mkono hauungui, kwa sababu hewa iliyojaa kwenye matundu inazuia joto.

Waturuki wa Eskişehir wamelichonga jiwe hili kwa karne nyingi. Wahispania wanalichimba karibu na Madrid kwa ajili ya mchanga wa choo cha paka, na linatiwa pia kwenye tope la kuchoronga visima vyenye maji ya chumvi, ambako udongo mwingine huganda mabonge. Nasikitika kila ninapokutana na mwanafunzi wa jiolojia anayeitaja Eskişehir bila kusita na hajawahi kusikia Sinya. Njia ya kwenda Sinya inaanzia hapahapa kwetu.

Haya, turudi kwenye bilauri. Limezama, na mapovu yamekwisha. Wewe mwanangu wa mstari wa mbele, njoo. Lishike. Zito sasa, eti? Pita na ukucha hapa, taratibu. Waoneshe wenzako alama hiyo.