Mapigo na kipimo: anza na miguu kabla ya kugusa gitaa

Jambo yenu, bandugu! Karibuni tena hapa Lubumbashi. Leo wekeni gitaa pembeni. Tunahitaji miguu, viganja, na simu yenye wimbo mmoja wa rumba, ule mnaoupenda wenyewe. Wengi mmeniuliza kwa nini korali yenu huanza pamoja na kufika mwisho imetawanyika, ingawa kila mtu anaijua sauti yake. Mara nyingi shida si sauti. Shida iko kwenye mapigo.

Simameni, washeni wimbo, msiimbe. Kanyageni papo hapo, kushoto, kulia, mpaka miguu itulie kwenye mwendo mmoja usioyumba. Hayo ndiyo mapigo. Tunayapima kwa dakika: 60 yanakwenda na sekunde za saa, 120 ni kasi mara mbili.

Sasa zoezi ninalolithamini kuliko yote. Miguu ikiendelea, shusha sauti ya simu mpaka isisikike kabisa, ila wimbo usiusimamishe. Endelea kukanyaga. Vuta pumzi tatu, nne, halafu pandisha sauti. Je, wimbo umeukuta mguu wako mahali pake? Kama mguu umetangulia au umebaki nyuma, basi ulikuwa unaifuata ngoma, pigo lenyewe hukuwa nalo. Pigo linatembea hata pale ambapo hakuna anayepiga kitu. Mpiga ngoma akinyamaza, besi ikikatika, waimbaji wakivuta pumzi, lenyewe linaendelea. Rudieni zoezi hili kila siku kabla ya mengine yote.

Tuje kwenye kipimo, yaani jinsi mapigo yanavyojipanga. Mapigo hayana uzito sawa. Yanajipanga kwa mafungu, na la kwanza katika kila fungu ndilo lenye nguvu. Sikilizeni besi inapotua na gitaa linapobadilisha akodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), kwa kawaida hapo ndipo penye moja. Hesabuni kuanzia hapo kwa Kifaransa, kama tunavyofanya kwenye mazoezi, maana namba zake za kwanza zina silabi mojamoja na hazichelewi mdomoni. Rumba itawapa nne. Ikifika sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza, usibabaike: joto limepanda, pengine na kasi, lakini nne ni zilezile. Nyimbo nyingine za kanisani zitawapa tatu.

Kuna mahali wengi hukwama, nataka tukae hapo kidogo. Piga mapaja mara sita, sawasawa, bila kukazia popote. Sasa kazia hivi: TA-ki-ti, TA-ki-ti. Mguu unakanyaga kwenye TA tu, mara mbili. Hicho ni kipimo cha 6/8. Usibadilishe kasi ya mikono, kazia hivi: TA-ki, TA-ki, TA-ki. Mguu sasa unakanyaga mara tatu, nacho ni 3/4. Mikono imefanya kazi ileile, idadi ileile, na bado unasikia muziki mwingine kabisa. Kwa hiyo ukiona namba 6 kwenye karatasi ya nota, usikimbilie kukanyaga mara sita. Tafuta kwanza mafungu.

Hatua ya mwisho ni ngumu, ila ndiyo inayofungua mlango wa rumba. Miguu inakanyaga nne. Kila pigo ligawe vipande vinne vidogo, jumla 16. Piga makofi kwenye kipande cha 1, 4, 7, 11 na 13. Tazameni mikono yangu: pa… pa… pa… kimya kidogo… pa, pa. Hii ndiyo klave, mpangilio wa makofi matano unaorudiwa tena na tena. Makofi yanayokutana na mguu ni mawili tu, la kwanza na la mwisho. Yale matatu ya katikati yanaanguka pembeni, na hapo mguu wa mwanafunzi huanza kuyakimbilia. Usiuruhusu! Mguu ubaki nyumbani, mikono ndiyo itembee.

Wapiga gitaa wa Katanga walilijua jambo hili zamani. Msikilizeni Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Likasi, enzi hizo ikiitwa Jadotville. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada: gumba kwenye besi, cha shahada kikizungukazunguka juu yake. Mtu mmoja, na unadhani ni wawili. Ukimsikiliza, kanyaga mguu pamoja na gumba, usikifuate cha shahada.

Kwenye korali fanyeni hivi wiki hii. Nusu yenu wakanyage nne, nusu wapige klave, kisha mbadilishane bila kusimama. Mkivurugika, anayeongoza asipige kelele juu ya wengine. Wote nyamazisheni makofi, bakini na miguu peke yake mpaka isikike kama mguu mmoja, ndipo makofi yarudi. Ikishindikana tena, shukeni hadi 60.