Kumbukumbu za Simu Yako: Nani Anazifungua, na Nani Anaandika Kwamba Zimefunguliwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa sheria, na nyinyi mafundi wa mitandao mlioketi kule nyuma, hamjambo.

Mjadala wa faragha ya mtandao katika nchi zetu hukwama mahali palepale kila mara. Mwananchi anauliza, "Serikali inasoma meseji zangu?" Msemaji wa serikali anajibu, "Hapana, hatusomi." Kila mmoja anashika njia yake na jambo lenyewe halijaguswa, maana mpelelezi anayeijua kazi yake hana shida sana na meseji. Anachotaka ni kumbukumbu: nani kampigia nani, saa ngapi, waliongea kwa muda gani, simu ilikuwa chini ya mnara upi. Hizo hazihitaji kuvunja fumbo lolote. Ziko tayari kwenye seva za kampuni ya simu, zimepangwa safu kwa safu. Nitajikita hapo, na kwenye swali ambalo sheria zetu hulipita mbio: zikishafunguliwa, nani anaandika kwamba zimefunguliwa, na mwenyewe anaambiwa lini?

Tuitazame safu moja. Ukipiga simu, kampuni inaandika namba yako, namba uliyopiga, muda wa kuanza, sekunde mlizozungumza, namba ya kifaa yaani IMEI, namba ya laini iliyo ndani ya kadi yaani IMSI, na namba ya mnara ulioanzia na uliomalizia. Hakuna hata neno moja la mazungumzo. Lakini chukua safu za mwezi mzima. Mnara unaojirudia saa nane za usiku ni nyumbani kwako. Unaojirudia saa nne asubuhi ni kazini. Namba unayoipigia kila Ijumaa jioni halafu simu zote mbili zikatua chini ya mnara mmoja, hiyo nawaachia wenyewe.

Hapa pana kosa linalofanyika mahakamani. Mnara hauonyeshi nyumba. Katikati ya Nairobi au Kariakoo, ambako minara imebanana, unaweza kupunguza eneo hadi mita mia chache. Kijijini, mnara wa GSM, yaani mtandao wa kizazi cha pili, hufika hadi kilomita 35, na kipimo cha umbali kinachotumiwa na mtambo wenyewe huenda kwa hatua za takriban mita 550. Tena simu haishiki lazima mnara ulio karibu. Hushika wenye mawimbi mazuri, na ukijaa inahamia mwingine. Kwa hiyo shahidi anayesema "kumbukumbu zinaonyesha mshtakiwa alikuwa pale dukani" amesema zaidi ya alichopewa na mtambo.

Upande wa intaneti mambo yanafanana. Tovuti nyingi leo zinatumia HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofumbwa kati yako na tovuti, kwa hiyo kampuni yako ya intaneti haioni ulichoandika wala ukurasa uliousoma. Inaona jina la tovuti, kwa sababu ombi la DNS, yaani swali linaloulizwa ili kupata anwani ya tovuti kwa jina lake, kwa kawaida huenda wazi, na hata ukilifunga, jina la seva mara nyingi hutajwa wazi mwanzoni mwa mawasiliano. WhatsApp imefumba meseji mwisho hadi mwisho tangu 2016, ni kweli. Lakini nakala yako ya akiba ikikaa kwenye hifadhi ya wingu bila nenosiri lake, fumbo hilo halina kazi. Kinga ya nakala ilikuja 2021 na lazima uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Asiyeiwasha amefunga mlango wa mbele na dirisha likabaki wazi.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo mawakili wengi hawaulizi. Polisi wanapata safu hii kutoka kwa tovuti fulani (anwani hii ni ya mafunzo, msihangaike kuitafuta):

203.0.113.7, mlango 41822, 3 Mei, 21:14:07, UTC.

Ya kwanza ni anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho kwenye intaneti. Mlango ni namba inayotenganisha mawasiliano yanayopita kwenye anwani moja, na UTC ni saa ya kimataifa. Wanaipeleka kwa kampuni ya simu: nani huyu? Anwani za IP za mfumo wa zamani ni chache, kwa hiyo kampuni zetu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Anwani moja ina milango 65,536. Ukitoa 1,024 ya mwanzo zinabaki 64,512, na kampuni ikimpa kila mteja fungu la milango 1,008, wateja 64 wanaonekana ulimwenguni kama mtu mmoja. Tovuti isipohifadhi namba ya mlango, na nyingi hazihifadhi ingawa wahandisi wa intaneti walishauri hivyo tangu 2011, kampuni itarudisha majina 64. Na kama mafungu yanabadilika ndani ya siku, majina yanaongezeka.

Tuseme mlango upo. Bado kuna saa. 21:14 UTC ni 00:14 ya Afrika Mashariki, tena tarehe imeshageuka kuwa 4 Mei. Ofisa asiyeangalia herufi zile tatu za mwisho ataomba mteja wa saa 21:14 ya hapa, atapewa mtu mwingine kabisa, na mtu huyo atagongewa mlango alfajiri. Sisi tuna mtego wa ziada. Mtu anaandika kwenye maelezo "saa 6:14 usiku", sahihi kabisa kwa Kiswahili, kisha karani anaingiza 06:14 kwenye mfumo. Wakili wa utetezi aulize mambo matatu kabla ya kuuliza lolote: mlango ulikuwa namba ngapi, saa ni ya ukanda upi, na saa ya seva ilikuwa inasahihishwa na nini.

Nije kwenye kesi iliyoonyesha haya yote hadharani. Januari 2017, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliziandikia kampuni za simu kwamba mkandarasi wake angefika kufunga kwenye mitambo yao mfumo wa kusimamia vifaa, ambao kila mtu sasa anauita DMS. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukamata simu bandia na za wizi, na pia masanduku ya laini, yaani vifaa vinavyopokea simu za nje kupitia intaneti na kuzitoa hapa kana kwamba ni simu za ndani, ili kukwepa malipo. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani, na wengine wakafuata. Mamlaka ikajitetea kwamba mfumo ungesoma IMEI, IMSI na namba ya simu, basi.

Utetezi huo upimwe kwa ufundi, si kwa hasira. Simu bandia unaikamata kwa IMEI pekee: tarakimu 15, nane za mwanzo zinataja aina ya kifaa, sita ni namba yake, ya mwisho ni ya kuhakiki. Bonyeza *#06# utaiona. Kila kampuni ina daftari la vifaa kwenye mtambo wake, na mdhibiti angeweza kuipelekea orodha ya zinazozuiwa bila kuchomeka waya wake popote. Sanduku la laini ni habari nyingine. IMEI pekee haitoshi kuligundua. Kwa kawaida linagunduliwa kwa tabia: laini inapiga mfululizo, haipigiwi, haihami mnara mchana wala usiku. Ili uone tabia hiyo lazima uwe na kumbukumbu za simu. Kwa hiyo ukiniambia unatafuta masanduku na hutagusa kumbukumbu za simu, moja kati ya hayo mawili si kweli. Kwa maoni yangu hapo ndipo hoja ya Mamlaka ilipopwaya, kwa kujumuisha malengo mawili yanayohitaji data tofauti ndani ya kifaa kimoja. Tanzania ilitenganisha: rejista ya IMEI ilizima simu bandia usiku wa 16 Juni 2016, na ufuatiliaji wa trafiki ya simu una mfumo wake wa pembeni. Hilo halimalizi maswali ya faragha, lakini angalau mtu anajua kifaa kipi aulizie nini.

Na hata hiyo IMEI haiaminiki kama inavyodhaniwa. Watengenezaji wa bandia hunakili namba halali na kuibandika kwenye maelfu ya vifaa. Tarakimu ya kuhakiki haisaidii, maana nakala inanakiliwa nayo. Ukiizuia namba hiyo, umemzuia na yule aliyenunua simu yake dukani kwa risiti.

Aprili 2018 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alisema mpango huo unakwenda kinyume cha Katiba, kwa upande wa faragha na kwa kukosa ushirikishwaji wa umma. Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 kikashindwa, mashauriano kati ya Mamlaka na kampuni yakihesabiwa kuwa yalikuwa bado hayajakamilika. Wanafunzi wa sheria, soma vizuri: hilo halikuwa jibu kwamba kifaa ni halali. Mjadala ukarudi kwa sura nyingine mwishoni mwa 2024, pale Mamlaka na KRA, yaani mamlaka ya mapato ya Kenya, zilipotaka IMEI za simu zinazoingia nchini zitangazwe kuanzia 1 Januari 2025. Taasisi ya Katiba ikapinga, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha.

Sheria inasemaje kuhusu kufungua kumbukumbu za mtu mmoja? Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtaka mpelelezi aende mahakamani: kufuatilia trafiki kwa wakati halisi kusizidi miezi 6, kunasa maudhui kusizidi miezi 9. Tanzania, Ibara ya 16 inalinda faragha, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, vifungu vya 31 na 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi au ofisa wa cheo kinacholingana kuamuru upekuzi na utoaji wa data. Mtu anayepeleleza ndiye anayejipa ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haikuiondoa kasoro hiyo.

Kuhusu VPN, yaani huduma inayopitisha intaneti yako kwenye njia iliyofumbwa hadi seva ya mtu mwingine, nitapita haraka, kwa sababu naona inachukua nafasi kubwa kuliko uzito wake. Oktoba 2023 TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN wajitambulishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, adhabu ikiwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo cha miezi 12, au vyote. Benki, hospitali na kampuni yoyote yenye wafanyakazi wanaofanya kazi nje ya ofisi hutumia VPN kila siku, kwa hiyo kanuni hiyo inawagusa watu wasio na lolote la kuficha. Kwa upande wa pili, VPN haikufanyi usionekane. Kampuni yako ya simu inaona kwamba umeunganishwa na seva ya VPN, saa ngapi na kwa ukubwa gani wa data. Mwenye VPN sasa anaona yale iliyokuwa inayaona kampuni yako. Umebadilisha wa kumwamini. Kama ni VPN ya bure, jiulize anakula wapi.

Kinachokosekana kwetu ni taarifa ya baadaye. Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya kituo cha waandishi amaBhungane, ambacho mwandishi wake Sam Sole simu zake zilinaswa, iliona sheria yao ya kunasa mawasiliano ina mapengo. Mojawapo ni kwamba aliyenaswa haambiwi kamwe. Mahakama ikaweka kanuni ya muda: ajulishwe ndani ya siku 90 baada ya amri kuisha, na jaji anaweza kuahirisha kwa siku 90 kila mara akipewa sababu, hadi kikomo cha miaka miwili. Mpelelezi hapotezi chochote, kwa sababu amri imekwisha, na kama uchunguzi bado unaendelea anaweza kuomba taarifa iahirishwe. Lakini ofisa anayejua kwamba barua itatoka siku moja ataomba kwa uangalifu mwingine kabisa. Mswada wowote utakaoletwa Dodoma au Nairobi, tafuteni kifungu hicho kwanza. Kisha tafuteni kama kampuni zinalazimika kutangaza kila mwaka idadi ya maombi zilizopokea na zilizokataa. Vikikosekana, andikeni maoni kwa kamati ya Bunge mkitaja kifungu na maneno mnayotaka yaingizwe. Barua ya malalamiko ya jumla inasomwa na kuwekwa kabatini.

Wakati mnasubiri, kuna hatua ya leo. Kwanza piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tanzania inafanya kazi kwa mitandao yote, na Kenya Safaricom wanayo. Kisha, kama uko Kenya, iandikie kampuni yako ya simu kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taja namba yako, taja kipindi kisichozidi miezi michache ili wasiseme ombi ni kubwa mno, na uombe vitu viwili: kumbukumbu zenyewe, na orodha ya waliopewa kumbukumbu hizo. Kanuni za 2021 zinawapa siku 7 na hawakutozi ada. Wakinyamaza, peleka lalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye ana siku 90 kulimaliza.

Ombi la pili tarajieni likataliwe kwa kifungu cha 51, usalama wa taifa. Usibishane nalo. Andika tena, uulize tu kama kulikuwa na amri ya mahakama, ina namba gani na ilitolewa tarehe ngapi. Yaliyomo ndani yake usiyaguse. Jibu la swali hilo, hata likiwa kimya, ndilo kiambatisho cha kwanza cha lalamiko lako.