Mzigo au Mkopo? Herufi za Kichina Zinazofanana

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo siwatembezi sokoni. Niko ndani hapa Guangzhou na ubao wangu mdogo, maana meseji zimezidi. Wengi siku hizi mnaagiza wenyewe kwenye 1688, ule mtandao wa Kichina wa kununua bidhaa kwa jumla, mnapiga picha ya skrini mnanitumia: "Dada, hapa wameandika nini?" Halafu kuna kaka mmoja wa Kariakoo ananiambia herufi za Kichina ni michoro, mtu anakariri tu. Hapana kaka yangu. Ukizikariri kama michoro utachoka mapema.

Tazameni hapa. Naandika 货. Inasomwa huò, maana yake bidhaa, mzigo. Pembeni naandika 贷. Hii ni dài, mkopo. Mtu mwenye haraka anaapa ni kitu kimoja, na mitaani huku zote zipo: 货运 kwenye ofisi za kusafirisha mizigo, 贷款 kwenye matangazo ya mikopo. Sasa msiangalie herufi nzima, ikateni katikati. Chini zote zina 贝. Hiyo ni kauri, hizihizi za baharini ambazo nyie wa Pwani mmeziokota utotoni. Uchina ya kale kauri zilikuwa mali, zilitumika kama fedha. Kwa hiyo ukiona 贝, jua hapo pana habari ya hela: 贵 ni ghali, 费 ni gharama, 账 ni hesabu za pesa.

Basi chini umepata maana. Sauti iko juu. Juu ya mzigo kuna 化, huà. Mzigo wenyewe ni huò, zinakaribiana. Juu ya mkopo kuna 代, dài, na mkopo ni dài vilevile. Kwa jicho, tafuteni ile nukta ya juu kulia. Yenye nukta ni mkopo.

Herufi nyingi mno zimejengwa hivi, kipande cha maana na kipande cha sauti. Na si mbinu ya jana. Xu Shen, msomi wa enzi ya Han, mnamo mwaka 100 alipanga kamusi ya herufi 9,353 katika makundi 540 kufuata vipande vyake.

Haya, chukueni 青, qīng, iwe kipande cha sauti. Ibandike kipande cha maji, 清, qīng, safi. Ibandike usemi, 请, qǐng, lile "tafadhali" mnaloliona kila mahali. Moyo, 情, qíng, hisia. Jua, 晴, qíng, anga safi bila mawingu. Jicho, 睛, jīng, ile ya kwenye 眼睛, macho. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazotesa watu: jua lina mstari mmoja ndani, jicho lina miwili. Basi, hakuna siri nyingine.

Ila msijiamini sana. Wachina wenyewe hutaniana kwamba msomi akikwama kwenye herufi husoma nusu yake. Sauti zimebadilika karne kwa karne, kipande kikabaki palepale. Ongeza mnyama kwenye hiyohiyo 青 unapata 猜, na haisomwi qing, inasomwa cāi. Maana yake? Kubahatisha! Nacheka kila nikiiandika.

Sasa kuna zile ambazo hazina kipande cha kukusaidia, ni jicho lako tu. Na ndizo zinazokaa kwenye oda zenu. 已发货, mzigo umeshatumwa. 未发货, mzigo bado. Hiyo 未, wèi, mstari wa juu ni mfupi. Ukirefuka wa juu ukaupita wa chini, ni 末, mò, mwisho, kama 月末, mwisho wa mwezi. Muuzaji akikuandikia 月末发货, usimpigie kesho asubuhi kumfokea.

Na hiyo 已, yǐ, "tayari", ina ndugu wawili. Angalieni mdomo wa kushoto: ukiwa wazi ni 己, jǐ, nafsi ya mtu, ukifungwa nusu ni 已, ukifungwa wote ni 巳, sì, ile ya mwaka wa nyoka kwenye kalenda ya Kichina, kama ulivyokuwa 2025. Watoto wa shule huku wanaiimba hivyohivyo: wazi, nusu, umefungwa.

Namalizia na 买 na 卖. Ya kwanza mǎi, kununua, sauti inazama kisha inapanda. Ya pili mài, kuuza, sauti inashuka ghafla. Sisi Waswahili masikio yetu hayajazoea toni, kwa hiyo dukani usitegemee mdomo tu, onyesha maandishi. 卖 ina kitu juu, hako ka-十. Mwenye mzigo kichwani ndiye anayeuza.

Haya, mwenye picha ya oda inayomchanganya anitumie nitaisoma kwenye video ijayo. Ila jamani, futeni kwanza namba za simu na anwani, wiki hii mmenitumia hadi namba za akaunti.