Queen Hammersmith 1975, na flashi iliyokwama harusini

[Muziki wa kufungulia unashuka]

KESSY: Karibuni. Mimi Kessy, na mbele yangu kuna mtu ana hina mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo nyinyi wa siku zote mmeshajua alikuwa wapi.

SABRA: Nimerudi na boti ya jana jioni. Sauti ndiyo hii, mnistahimilie. Siku tatu za vigelegele si mchezo.

KESSY: Tuliahidi Queen, bendi ya roki ya Uingereza, mkesha wa Krismasi wa 1975, ukumbi wa Hammersmith Odeon, London. BBC2 wanaonyesha moja kwa moja katika kipindi chao cha muziki, The Old Grey Whistle Test, na redio yao, Radio 1, nayo inarusha sauti. Sabra kaandika mambo manne ya kujifunza, nayaona kwenye daftari, yana namba kabisa.

SABRA: Manne. Na leo yote tunayamaliza.

KESSY: Inshallah.

SABRA: Ila kwanza la harusini, maana bila hilo hutanielewa. Anaolewa binti wa ami yangu. Usiku wa wanawake, ukumbi umejaa, spika kubwa kama makabati, mwimbaji kapendeza haswa. Wimbo wa tatu watu wameanza kwenda kumtunza. Shangazi yangu yuko mbele kabisa, noti kazitandaza mkononi kama karata. Mara neno moja linaanza kujirudia. Wangu, wangu, wangu, wangu.

KESSY: Flashi.

SABRA: Flashi imekwama! Kijana wa mitambo anaichomoa, anaipuliza, anairudisha. Na yule dada mdomo wake umeshafika ubeti wa pili, peke yake, halafu ukajifunga. Ukumbi kimya. Shangazi na noti zake hewani, hajui aziweke au arudi nazo.

KESSY: Akarudi nazo?

SABRA: Sikiliza basi. Yule dada akavuta pumzi, akaanza wimbo upya kwa sauti yake mwenyewe. Mtu akachukua sinia la halua akaanza kulipiga, wengine makofi. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, ubeti wa pili alishuka kidogo. Lakini, Kaka Kessy, mimi nililia. Nimekaa baina ya mama na shangazi, machozi yananitoka. Ndiyo mara ya kwanza usiku ule mtu alituimbia.

KESSY: Na shangazi?

SABRA: Alizimwaga zote. Usiku huo usingizi haukuja. Nikalala kwa mama, nikaweka Hammersmith kwenye simu, nikaitazama yote mpaka alfajiri, na nikaona nimeielewa kwa mara ya kwanza.

KESSY: Haya, tuwekane sawa kwanza. Mwezi Novemba mwaka huo wametoa albamu, A Night at the Opera. Wimbo wake, Bohemian Rhapsody, una karibu mwezi mzima kileleni Uingereza, na utakaa pale wiki 9 kwa jumla. Wamemaliza ziara ya nchi nzima, wamechoka, wanaongezewa onyesho moja la televisheni. Watu wako nyumbani mkesha wa Krismasi, TV imewashwa. Wakati huo sisi huku hata TV hatuna.

SABRA: Nani hana?

KESSY: Sisi. Tanzania.

SABRA: Semeni nyinyi wa bara. Mpaka 1994 mlikuwa mnasikiliza redio. Unguja mwaka 1975 TV ilikuwapo, na ya rangi. Ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara.

KESSY: Najua, dada yangu. Unaniambia kila mwezi.

SABRA: Na mwezi ujao nitakwambia. Mama alikuwa msichana, wanakwenda kwa jirani jioni, majamvi yanatandikwa uani, watoto mbele, watu wazima nyuma. Anakumbuka rangi ya kilemba cha msomaji habari! Sasa mtu aliyeona hivyo ukimwambia "moja kwa moja" anajua unamaanisha nini. Yule mtu anapokohoa, anakohoa sasa hivi.

KESSY: Lakini Queen hamkuwaona kwenye hiyo TV.

SABRA: Sijasema tuliwaona. Nasema ilikuwa ya rangi.

KESSY: Na Freddie Mercury mwenyewe, mwimbaji wa Queen, hakuiona. Kazaliwa Mji Mkongwe 1946, Farrokh Bulsara, utotoni kapelekwa kusoma India, na 1964 baada ya mapinduzi wazazi wake wakahamia Uingereza wote. TV yenu ya rangi imekuja yeye yuko London anauza nguo Kensington.

SABRA: Ndiyo maana inaniuma! Mtoto wa Shangani anaingia kwenye televisheni ya BBC, na mtaa aliozaliwa una TV ya rangi. Angebaki angeimba pale uani kwetu.

KESSY: Angebaki angekuwa karani wa serikali kama baba yake. Turudi Hammersmith. Jambo la kwanza kwenye daftari lako ni lipi?

SABRA: La kwanza: kile walichokikata. Freddie yuko kwenye piano, mavazi meupe, wimbo unaoongoza nchi nzima anao mikononi. Anaimba sehemu ile ya polepole ya Bohemian, Brian May anaingia na solo la gitaa, na pale santuri inapoingia kwenye opera, ile sehemu ya kati ya sauti nyingi, wao wanakata kona. Killer Queen, wimbo mwingine. Kisha kipande cha The March of the Black Queen, ndipo wanarudi kumalizia Bohemian kwa ule mwisho wake wa taratibu. Opera hakuna.

KESSY: Na mimi hapo ndipo ninapokasirika kila nikiangalia.

SABRA: Na mimi ndipo ninapowapenda. Hawakuweza kuiimba, hawakujifanya wanaiimba.

KESSY: Hebu fikiria mtu wa nyumbani. Kanunua santuri, amekaa na watoto wake, anausubiri wimbo mmoja tu, anapewa kichwa na mkia. Kiwiliwili kiko wapi?

SABRA: Kiwiliwili kiko studio.

KESSY: Basi wangekileta kutoka studio! Ile opera ni sauti tatu, Freddie, Brian na mpiga ngoma Roger Taylor, zimewekwa juu ya nyingine mara 180 hivi. Wiki tatu za kazi. Mashine ina njia 24 za kurekodia, zikijaa wanazikusanya kwenye njia chache, wanaanza tena, mpaka mkanda ukachakaa ukawa unapitisha mwanga. Sabra, ule mkanda si kitu cha kuficha uvivu. Ule mkanda ndio chombo. Kama yeye anavyopiga piano, pale wanapiga mkanda.

SABRA: Piano unaipiga ikakukosea. Mkanda haukukosei.

KESSY: Wa harusini kwenu umekosea!

SABRA: [anacheka] Umekwama, haukukosea. Akikosea mtu namsamehe, namtia moyo, naimba naye. Flashi ikikwama utaitia moyo vipi?

KESSY: Sawa, mfano mwingine. Wimbo wa Brighton Rock, usiku huohuo. Brian anapiga solo refu, sisi wa dansi tungesema kaliachia sebene. Gitaa lenyewe alilichonga na baba yake nyumbani, shingo yake imetoka kwenye mbao za sehemu ya moto ya zamani, na anapigia sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Anapiga noti, inarudi, anapiga nyingine juu yake, inarudi tena, mpaka unasikia magitaa matatu. Umelipenda?

SABRA: Nalipenda kupita yote.

KESSY: Ile mashine ya mwangwi ndani yake kuna mkanda, unazunguka. Unarekodi noti, unairudisha baada ya muda. Solo unalolipenda kupita yote, theluthi mbili yake ni mkanda.

SABRA: ...

KESSY: Mwandishi, weka hapo "kimya kirefu".

SABRA: Sijanyamaza kwa kushindwa. Nafikiri. Ule mkanda wa Brian unarudisha kile alichopiga yeye, usiku ule, pale pale. Akiteleza, utelezi wake unarudi mara mbili mbele ya watu. Umeongeza hatari, haukuipunguza. Mkanda wa opera umeshajua kila kitu tangu mwezi wa tisa. Freddie akiamka na mafua, wenyewe hauna mafua.

KESSY: Kwa hiyo unataka mafua.

SABRA: Nataka mtu.

KESSY: Mtu yupo. Miaka iliyofuata walifanya ninavyosema mimi: ikifika opera wanne wote wanaondoka jukwaani, zinabaki taa na mkanda, kisha wanarudi kwa kishindo kwenye ile sehemu ya roki. Hakuna aliyechezesha mdomo. Wamewaambia watu wazi: hii ni santuri, isikilizeni, tunakuja. Huo ndio uaminifu. Kuukata ni kumwambia mtu kwamba ile sehemu si muhimu.

SABRA: Na jukwaa tupu ni kuwaambia watu wenyewe si muhimu. Nimelipa nauli, nimesimama, natazama taa! Tamasha la hisani la Live Aid, 1985, Wembley, dunia nzima inatazama, walifanya nini? Sehemu ya polepole, solo, wakakata wakaingia Radio Ga Ga. Siku iliyokuwa kubwa kuliko zote walirudi kwenye akili ya Hammersmith.

KESSY: Siku ile walikuwa na dakika 20 na kidogo tu.

SABRA: Na wakachagua kutozitumia kwa mkanda.

KESSY: Sasa nikuulize. Mara yao ya kwanza kwenye televisheni ni ipi? Februari 1974, Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC, wimbo wa Seven Seas of Rhye. Filamu ya mwimbaji David Bowie haikupatikana, pengo likatokea, wakaitwa Queen. Na pale walichezesha midomo juu ya mkanda, ndio utaratibu wa kipindi ulivyokuwa. Santuri ikatoka siku mbili baadaye ikafika namba 10. Wimbo wao wa kwanza kupendwa. Bila plebeki ile, hakuna Hammersmith, na wewe harusini ungelia kwa sababu nyingine.

SABRA: Na uko wapi mkanda wa siku ile? BBC waliufuta. Vimebaki vipande. Hammersmith ipo, mwaka 2015 wakaitoa rasmi.

KESSY: Haukufutwa kwa sababu ya plebeki! BBC walikuwa wakifuta mikanda ili waitumie tena, ilikuwa ghali. Wamefuta mengi mazuri. Usiufanye ufutaji kuwa hukumu.

SABRA: Hilo nakupa. Mkanda uliofutwa nausikitikia kweli, hata wa plebeki. Ningependa kumwona Freddie siku ile, kijana, anaogopa. Ilikuwa ya rangi?

KESSY: Tumeanza.

SABRA: Nauliza tu.

KESSY: Ilikuwa ya rangi, Sabra. BBC walikuwa na rangi tangu miaka ya 1960.

SABRA: Wao na sisi.

KESSY: Msikilizaji wetu wa Tanga aliwahi kutuandikia kwamba anahesabu ni mara ngapi...

SABRA: Mwambie aendelee kuhesabu. Mama kaniambia jambo jipya juzi, hili hujalisikia. Ule uani kwa jirani ikija taarab kwenye TV, kina mama walikuwa wanainuka kwenda kuitunza.

KESSY: Kuitunza TV?

SABRA: Wanaweka senti juu yake. Juu ya kasha la TV! Jirani anaziokota baadaye ananunulia watoto visheti.

KESSY: Aisee.

SABRA: Kwa sababu yule anaimba sasa hivi, anatuimbia sisi, adabu yake ni kutunzwa. Nimelifikiria hilo boti nzima. Wale wa Hammersmith nao, watu ukumbini wanasikika wanaimba na Freddie, na wa nyumbani nao lazima walikuwa wanaimba.

KESSY: Lakini dada, kina mama wale walijuaje kama siku ile taarab haikurekodiwa wiki moja kabla? Vipindi vingi vilikuwa vinarekodiwa. Labda waliutunza mkanda. Na furaha yao ilikuwa kamili, visheti vililiwa.

SABRA: Hapana.

KESSY: Hapana nini?

SABRA: Usimguse mama.

KESSY: Simgusi mama! Namtetea. Alifurahi kwa haki yake. Ninachosema mkanda haukumpunguzia kitu.

SABRA: Na mimi nasema alifurahi kwa sababu aliamini kuna mtu. Ungemwambia ni mkanda, angekaa na senti yake.

KESSY: Hapo hatutakubaliana.

SABRA: Hatutakubaliana. Mimi najua nilichokisikia Ijumaa.

KESSY: Kijana wa mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Tumefika la ngapi?

SABRA: La kwanza. Nusu yake.

KESSY: Yale matatu?

SABRA: Kulikuwa na la John Deacon na besi lake kwenye wimbo wa Liar, kulikuwa na la stendi ya maiki iliyovunjika ambayo Freddie aliigeuza fimbo yake... Basi. Nachana karatasi. Nyie nendeni mkautazame wimbo wa White Queen wa usiku ule, mzime taa, msiguse simu.

KESSY: Nitaitazama leo. Kabla hatujaondoka, yule dada wa harusini aliimba ngapi bila flashi?

SABRA: Mbili.

KESSY: Halafu?

SABRA: Halafu flashi ikakubali.

KESSY: Akarudi kwenye flashi?

SABRA: ...Akarudi.

KESSY: Na shangazi aliendelea kutunza?

SABRA: Kaka Kessy, dakika zimekwisha.

KESSY: Jibu, aliendelea au hakuendelea?

[Muziki wa kufungia unapanda]