Hela ya Mtoto Mtu Mzima Mkononi mwa Mzazi: Kodi ya Marekani Inavyohesabu

Wazazi wenzangu mnaoishi hapa Marekani, tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kinaweza kututega. Nyumba ina kodi na serikali ina kodi. Leo nikisema kodi ni ile ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani; ya nyumba nitaiita pango.

Unamlipia mwanao wa miaka 26 umeme, maji na pango. Swali la kwanza: hela ni ya nani? Kama ni yake, nawe unaipokea na kuifikisha kwa mwenye nyumba, hayo si mapato yako wala si zawadi. Tabu huanza ikiingia kwenye akaunti ileile unayonunulia unga na petroli. Miezi minane baadaye hakuna anayejua dola 700 za Machi zilikuwa za nani. Iwepo akaunti ya peke yake, kwa jina la mtoto, wewe uwe na idhini ya kutoa tu.

Kama hela ni yako, mtoto halipi kodi kwa kupewa. Wewe, kwa mwaka 2025, waweza kumpa mtu mmoja hadi dola 19,000 bila kujaza fomu yoyote, na mwenzi wako naye ana 19,000 zake. Ukizidisha, unajaza fomu 709, ile ya kutaarifu zawadi. Watu huiogopa fomu hii bure: kilichozidi kinapunguza tu kiwango unachoruhusiwa kutoa bila kodi katika maisha yako yote, ambacho mwaka huo kilikuwa dola milioni 13.99. Ada ya chuo na bili ya hospitali hazihesabiwi kabisa, mradi uvilipe chuo na hospitali moja kwa moja. Ukimtumia mtoto akalipe mwenyewe, zinarudi kuwa zawadi ya kawaida.

Sasa kumwandika mtoto kama mtegemezi kwenye taarifa yako ya kodi, ambako kuna nafuu ya dola 500. Aliyepita umri wa mtoto (miaka 19, au 24 akiwa mwanafunzi wa muda wote) lazima mapato yake ghafi ya 2025 yawe chini ya dola 5,200, na wewe uwe umebeba zaidi ya nusu ya matunzo yake. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Wanaandika mkopo wa nyumba wanaoulipa, kumbe kinachotakiwa ni pango ambalo nyumba hiyo ingeleta sokoni. Tuseme ingepangishwa kwa dola 2,400 kwa mwezi, na mko wanne. Fungu la mtoto ni 600, kwa mwaka 7,200. Chakula cha nyumba nzima ni 800, fungu lake 200, kwa mwaka 2,400. Matibabu, nguo na nauli, vyote kajilipia mwenyewe, 2,400. Jumla 12,000, wewe umebeba 9,600, nusu umeipita mbali. Lakini akiwa amefanya vibarua vya dola 5,600, hesabu yote hiyo haina kazi.

Mwenye ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi ya kipato ana njia nyingine. Umri hauangaliwi, wala kile kikomo cha 5,200. Kinachotazamwa ni kwamba ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka na hakujilipia mwenyewe zaidi ya nusu ya matunzo yake. SSI, msaada wa serikali kwa wenye ulemavu wenye kipato kidogo, haitozwi kodi, na ikitumika kununua chakula au kulipa pango kwa kawaida inahesabiwa kuwa matunzo yaliyotoka serikalini, si kwamba amejitunza. Ikikaa benki, haihesabiwi. Kwa hiyo andika kila mwezi zilizotumika na zilizobaki, na utunze risiti.

Na mwanao aliyeko Nairobi au Bukavu? Kama si raia wa Marekani, huwezi kumwandika mtegemezi hata ukimlisha mwaka mzima. Asiye raia sharti awe mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Unachomtumia ni zawadi, hakikupunguzii kodi, na kile kikomo cha 19,000 kinakufuata hadi huko.